Njia ya Miguu ya Bujiku Luhaga

"Bujiku, nani kakutuma utufungie njia?" Swali hilo aliliuliza jirani yake, Masunga, akiwa bado juu ya pikipiki, injini inanguruma. Nyanjige, mke wa Bujiku, alikuwa anapepeta mtama uani. Alisikia kila neno.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bujiku Luhaga wa Kimali, mkulima wa pamba na mchora ramani. Ni ile ramani ya kwenye simu, ambayo kila mtu anaweza kuongeza njia anayoijua. Bujiku aliongeza ya kwao, inayopita lambo la ng'ombe kwenda Mwandoya. Akaiita njia ya miguu.

"Sijafunga kitu," alimjibu Masunga. "Ukishaiita ya miguu, ramani yenyewe inachukulia kwamba pikipiki na gari hazipiti. Mpaka uiambie zinapita."

"Si uiambie basi, mzee! Au unasubiri ng'ombe wapige kura?"

Bujiku alicheka, lakini hakubadilisha. Pale lamboni pikipiki ya mgeni ilishamgonga mjukuu wao, Esteria, akavunjika mguu. Mgeni anayefuata simu hajui kwamba pale unashuka, unasubiri ng'ombe wanywe, ndipo unasukuma. Wenyeji hawaambiani, wanajua tu. Ramani haijui.

Mwezi wa saba uliopita, Bujiku alibanwa kifua shambani, mchana. Akabebwa hadi nyumbani, gari la wagonjwa likaitwa kutoka Mwandoya. Dereva alikuwa mgeni, akafuata simu. Simu ikamzungusha kwa barabara kubwa, mbali. Njia ya lambo ilikuwa kavu, gari lingepita. Lakini kwenye ramani ilikuwa ya miguu. Ya miguu tu.

"Nilisikia gari linaingia," anasema Nyanjige. "Nilikuwa nimeshamfumba macho. Nikamwambia dereva, karibu, baba. Nikampa kiti."

Hakulia. Jumapili alikwenda misani, akarudi, akachota maji.

Juzi vijana wanaochora ramani hiyo walifika kwake. Hawakutaka kugusa kazi ya marehemu bila ruhusa. Wakamuuliza, waiite barabara?

"Msiiite barabara," alisema. "Ni ya miguu. Andikeni tu kwamba pikipiki inapita, na gari la wagonjwa linapita. Na pale lamboni muandike mtu ashuke."

Wakaandika hapo hapo, yeye akiangalia.

Kwa mayu Nyanjige, mama yetu, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu ampumzishe Bujiku. Nawe unayetusikiliza, fikiria njia ya kwenu: ni lipi mnalolijua ninyi wenyewe, ambalo mgeni anayekuja kuwasaidia halijui?

Siku vijana walipofika, Masunga naye alikuwepo. Vijana walipomaliza, aliuliza taratibu, "Mayu, ingeandikwa hivi mapema, gari lingewahi?"

Nyanjige aliitazama ile simu. Akafunga rozari kwenye pindo la khanga, akatoka nje.