Gunia Moja Moja

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi, salama? Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyopata huu mguu wa mti na bado nikawa fundi. Nitaeleza. Majina sitaji, maana wengine tumekaa nao humu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mtu ukiwa na gari unanunua alizeti popote, unauza popote. Kaka yangu alikuwa na pikapu kuukuu. Mimi nikaliundia tela: ekseli ya Land Rover iliyokufa, vyuma vya kuokoteza, mbao juu, bila kingo. Pini ya kuungia sikupata, nikaweka kipande cha nondo. Tela lile nililipenda mno.

Mnajua tunavyopanda mlima wa Kolo na mzigo. Kaka anaendesha, mimi natembea nyuma na gogo, gari likishindwa nalitupia gurudumuni. Siku moja, tela limejaa magunia ya alizeti, nondo ikakatika. Nikatupa gogo, likateleza, tela likarudi na kusimama juu ya mguu wangu. Kaka alijaribu kuliinua akashindwa. Akaniachia maji, akakimbiza gari Kondoa kutafuta jeki.

Watu wakaja. Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi! Wakasema tela haliinuki na mzigo, kwanza tushushe. Sawa kabisa, hata mimi ningesema hivyo. Kila gunia likishuka nasema asante. Mmoja nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, gunia liko begani. Nikadhani anakwenda kuliweka pembeni. Hakurudi. Wa pili hakurudi. Likashuka la mwisho, nikabaki mimi na nzi.

Nililia, sioni haya kusema. Niliwachukia mpaka nikasahau maumivu.

Baadaye wakaja mama mmoja na mke mwenzake, wameshika nyungo. Walisikia kuna alizeti imemwagika. Wakatazama tela tupu, wakanitazama mimi. Yule mkubwa akauliza, "Na wewe hawakukuchukua?"

Akaenda nyumbani akarudi na mchi wa kutwangia. Akaulaza juu ya gogo langu, ncha moja chini ya ekseli, akaning'inia kwenye ncha ya pili. Mwenzake akanivuta. Kaka alipofika na jeki yake nilikuwa kivulini.

Mguu ukakatwa. Nikajifungia ndani, sitaki kuona mtu, mpaka yule mama akaja kunisema: tela linaota kutu, na mikono unayo. Nilimtukana. Kesho yake nikaomba nipelekwe kwenye tela.

Matela mnayoyaona barabarani hapa mengi nimeyaunda mimi, na yote yana mnyororo. Pini msiiamini. Na mkimkuta mtu amebanwa, mshikeni yeye kwanza.

Nakushukuru kaka. Nawashukuru wale mama wawili. Na nyinyi mlioshusha magunia, mliokaa huko nyuma mnatazama chini, asanteni pia. Sifanyi kejeli. Wanawake wawili na mchi wasingeinua tela lenye mzigo. Mliniokoa bila kukusudia. Alizeti mlishakula, mguu nilishauzika. Inueni nyuso, tuendelee na kikao.