Mzee Keekee, Aliyehesabu Umri wa Miti

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba, mtoto wa pili kati ya wanne wa mfua chuma na mshona nguo. Wengine wawili walimtangulia, kwa hiyo kazi ya kusoma wasifu huu imeniangukia mimi kitinda mimba, niliyebebwa mgongoni kwake mpaka nikaona aibu mwenyewe. Mama alisema kaka alichelewa kuongea lakini aliwahi kuhesabu. Alihesabu misumari ya baba na vifungo vya mama, na siku moja akajaribu kuhesabu nywele za nyusi za shangazi aliyekuwa amelala. Alichapwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akamaliza sekondari mwaka 1971 akiwa wa tatu darasani, kisha akaingia chuo cha misitu. Huko ndiko alikoshikishwa keekee kwa mara ya kwanza: bomba jembamba la chuma lenye meno mdomoni, linalozungushwa kwa mikono kupitia gome hadi moyo wa mti, likatoka na kijiti chembamba kuliko penseli. Mti haukatwi wala haufi. Pete za mti huonekana kwenye kijiti kama mistari, na aliyefundishwa huzihesabu akajua umri. Likizo moja alirudi na kijiti kimoja ndani ya mrija wa karatasi, akakiweka mezani kwa fahari wakati tunakula. Baba alikitazama sana.

"Miaka miwili chuoni," akasema, "umetuletea kijiti cha kuchokolea meno?"

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa miti, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2013. Chumba chake kilikuwa namba sita, mwisho wa korido, chenye dirisha lisilofunguka. Humo aligundisha vijiti kwenye mbao zenye mfereji, akavipiga msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi ving'ae. Kitambaa cha kuziba pua alikikataa, eti kinatia ukungu miwani. Walinzi wa kituo ndio waliompa jina la Keekee, na uzee ulipofika likaongezwa Mzee.

Alimuoa wifi yangu, muuguzi, tarehe 20 Desemba 1980. Siku hiyo alichelewa saa mbili. Alipita msituni asubuhi "mara moja tu," keekee ikang'ang'ania ndani ya mti mgumu, na kituo kizima kilikuwa na keekee hiyo moja. Alifika ana utomvu hadi kwenye kola. Baba mkwe akamuuliza bibi harusi mbele ya watu kama ana hakika bwana huyu hajaoa tayari. Wifi akajibu, "Baba, wenzangu wanacheleweshwa na mambo mabaya kuliko mti." Waliishi pamoja karibu miaka arobaini na minne.

Sasa nimefika pale ambapo watoto wake waliniomba nipite haraka. Sitapita haraka.

Mwaka 1988 ilitolewa amri ya kuvuna msitu wa mlimani, penye chanzo cha maji ya mji huu. Kanuni ilisema msitu uliozidi miaka mia mbili hauguswi. Kaka alipanda na keekee yake, akatoa vijiti sitini, akahesabu pete mia mbili thelathini na nane. Msitu ukaachwa, naye akabebwa juu juu sokoni.

Lakini vitabu alivyosomea viliandikwa katika nchi za baridi, ambako mti hulala mara moja kwa mwaka na kuweka pete moja. Kwetu mvua ni misimu miwili. Mwaka 2005, kwa kujiridhisha tu, alichoma magome ya miti kumi kwa msumari ili kovu liwe alama. Mwaka 2009 alirudi kuitoboa. Kutoka kwenye kovu hadi gomeni alitarajia pete nne. Alikuta nane, mti wa kwanza hadi wa kumi. Pete mbili kila mwaka: msitu aliouokoa mwaka 1988 ulikuwa na miaka mia moja na kumi na tisa tu.

Alikuja kwangu Jumapili na karatasi zake, kwa kuwa mimi nilikuwa karani na yeye alichapa kwa kidole kimoja.

"Kaka, nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite."

"Wanafunzi wangu wanahesabu nilivyowafundisha," akasema. "Nikinyamaza, watadanganya maisha yao yote wakidhani wanasema kweli. Chapa, mdogo wangu."

Nilichapa. Barua ilikwenda kwa wakubwa wa misitu tarehe 14 Machi 2010. Aya yake ya mwisho ilieleza kwamba mji unakunywa kutoka msitu ule hata kama ungekuwa wa juzi. Walisoma namba tu. Malori yaliingia mwaka 2012, na kufikia 2015 vilibaki visiki. Waliombeba sokoni ndio waliomwita msaliti, na baadhi yenu mko hapa na mashada. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli sijaiona ikifika mbali zaidi.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Daktari alisema ni vumbi la mbao, miaka mingi ya vumbi, na mapafu hayapigwi msasa yakarudi mapya. Tarehe 15 Oktoba 2024, wodi ya tatu, kitanda namba kumi na moja, alisogeza barakoa ya hewa akaniuliza, "Nilifanya vizuri kusema?" Nilimjibu ndiyo. Sikuamini nilipokuwa nikisema, na leo mbele yake bado siamini. Nadhani alijua, maana alinitazama kidogo, akairudisha barakoa mwenyewe. Alifariki tarehe 17, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja. Msitu hakuacha. Maji aliyooshwa nayo yaliletwa kwa lori.

Pumzika kwa amani, kaka. Tukikutana, usiniulize tena.