Kitabu Chenye Nafasi Nyingi Nyeupe

Mwezi wa Juni, miti ya lipa, ile ya maua ya manjano yanukiayo asali, inapochanua katika mji mdogo wa Tryavna, harufu yake huwalegeza watu wakasinzia macho wazi. Benchi la mkahawa wa kituo cha basi lilikuwa na wenyewe wawili: Zhelyazko Minchev, fundi saa mstaafu, aitwaye Redio, na Toncho Gerganov, mfuga nyuki, aitwaye Profesa. Alasiri hiyo katikati yao alikaa Rumyana Dobreva, mkutubi wa shule, na kahawa yake. Mapajani alikuwa na fomu ya tathmini na riwaya ya watoto, mashairi matupu mwanzo hadi mwisho, inayomhusu msichana ambaye mama yake yuko ng'ambo na harudi hata ukurasa wa mwisho. Jibu lilitakiwa leo. Akiandika "hakifai", nakala hiyo pekee ingerudishwa kwa mchapishaji, na darasa la tano, ambalo nusu ya watoto wake mama zao wako Italia wakitunza wazee wa watu, lisingekiona kamwe.

Redio alichungulia ukurasa, akavua kofia.

— Maskini! Nani tena?

— Hajafa mtu, Mzee Redio. Ni kitabu.

— Mistari mifupi, fremu nyeusi, peupe pande zote! Si ndiyo matangazo ya msiba tunayobandika milangoni? La marehemu mke wangu liko vilevile.

Rumyana alishtuka moyoni. Kama mzee ameona msiba, watoto je?

— Usimsikilize huyo, binti yangu, alisema Profesa. Mtunzi aliishiwa pumzi tu. Kaandika huku anapanda mlima.

— Sigara zako hizo zinakusemea!

— Basi huo weupe ni theluji. Kaiachia nafasi ya kudondokea.

— Theluji, Juni hii?

— Kitabuni hakuna Juni. Tena mzinga ukijaa mno, nyuki wanahama. Maneno nayo kayaachia nafasi, yasihame.

— Mimi nasema ule weupe ni wakati wenyewe, ule wa katikati ya mapigo ya saa. Ukikaa humo huzeeki.

— Mbona wewe umezeeka, na saa zote zile?

Mwanamke mwenye sanduku, aliyekuwa ameketi meza ya jirani akisubiri basi la kwenda Sofia, mji mkuu, aligeuka. Alikuwa Nevena Kirilova. Likizo yake ya wiki moja ilikuwa imekwisha, anarudi kazini Bari, Italia.

— Samahani, Bi Mkutubi. Hicho, mtu anaweza kumsomea mtoto kwa simu? Mimi na Simona wangu tukishasalimiana, maneno yanaisha. Tunabaki kusikilizana pumzi.

Rumyana, siku tatu nzima, alikuwa amekisoma kwa macho na penseli; hakuwahi kukipa sauti.

— Sijui, alisema. Hebu mpigie.

Nevena akampigia Simona, akafungua spika, akaishika simu katikati yao. Rumyana akafungua mwanzo, akasoma polepole:

Mama alikunja gauni la bluu
akaliacha kitini.
Kiti kimekaa
kama mtu.

Akanyamaza pale palipokuwa peupe. Maua ya lipa yakadondoka mezani. Kwenye simu sauti ndogo ikasema:

— Mama, la kwako la kijani nimelivaa.

Rumyana aliivuta fomu, akaandika: "Kinafaa." Basi la Sofia likapiga honi.

— Endelea kusoma, Bi Mkutubi, alisema Nevena, hakuinuka.

Redio akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya basi, lisiondoke.