Juisi Iliyomlevya Mume Wangu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, mgeni wetu rasmi, wazazi wetu, mashemeji, wateja, majirani, na ninyi mliokuja kuona kama fundi atasimama wima mpaka mwisho wa sherehe: karibuni.

Leo mume wangu anafungua karakana yake ya kuchomelea. Mheshimiwa, umekuja na kazi ya madawati ya shule, na nimeona umenong'onezwa mara mbili kabla hujaketi. Siulizi na nani. Ulichoambiwa nakijua: "Mlevi haachi, anapumzika tu. Akionja tone, kwisha habari yake."

Naomba nimsifu shemeji yangu pale mbele, mdogo wa mume wangu, bingwa wa utani. Mwaka jana, fundi akiwa ameacha pombe, shemeji alimpa glasi ya juisi ya tangawizi, kali ya kuunguza koo. Alipoimaliza, shemeji akaangua kicheko: "Kaka, humo nimetia kitu!" Mume wangu akaanza kutetemeka, ulimi ukawa mzito. Akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki," akashika njia ya baa, akapotea wiki nzima. Jagi la juisi hiyo lilibaki kwangu na masazo yake, nikaonja. Tangawizi tupu! Sasa niambieni, jamani, alileweshwa na nini, kama si maneno mliyomlisha miaka yote?

Shemeji, usiinamishe kichwa, leo ni siku ya furaha.

Sisemi pombe ni mchezo. Naiogopa kuliko ninyi nyote. Tena, kabla hamjamaliza kunong'ona, nasema mwenyewe, na yeye ameniruhusu: Jumapili iliyopita alikunywa. Pombe kweli, glasi moja. Ya pili aliiacha mezani, akarudi nyumbani mchana kweupe, akaniambia, "Mama watoto, nimejikwaa." Nililia. Nilikaa namvizia kama mwizi, nikisubiri atoroke. Hakutoroka. Jumatatu alikuwa hapa, anachomelea mlango mliopitia. Wahenga walisema pia kwamba kujikwaa si kuanguka; mbona methali hiyo Mheshimiwa hakunong'onezwa?

Simwamini asilimia mia, sitawadanganya. Hata yeye hajiamini hivyo. Lakini chuma anakijua, na akijikwaa anarudi na kusema. Mheshimiwa, mpe madawati hayo.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio. Sasa fundi atapita kuwapa mikono; anayetaka kumnusa mdomo, apange foleni nyuma yangu.