Kisahani Kilichofunika Maharage

Kwenye pikapu ya kwenda Nyamahanga, kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa akichagua visahani vyake vya mashindano, vile vya plastiki vya kurusha mpaka viingie kikapuni. “Dada Odeta, hiki kimepindishwa na nini?” alimuuliza dada yake aliyekaa kando yake.

“Nilifunikia sufuria ya maharage.”

“Maharage! Hiki ndicho pekee kinachokwenda moja kwa moja! Vingine vyote vinakata kushoto. Nikishindwa leo, kambi yetu itamchagua mtu mwingine kuiwakilisha.”

“Maharage ulikula, Jean Paul, tena ukaongeza.”

Alinigeukia nimsaidie. Nikatazama migomba; mimi maharage yenyewe sikuyaonja.

Gari liliposimama, alishuka na vile vinavyokata kushoto, akakiacha kilichopinda kwenye benchi. Kisha akarudi, akakinusa, akakitia kwapani. “Usiseme neno,” alimwambia dada yake, ambaye tayari alikuwa anasema.