Urbanus Chilongola, Aliyesaini Mtaro wa Kota

Baba Padri, ndugu mwenyekiti wa kijiji, mabalozi wa nyumba kumi, wageni wetu kutoka Kilosa na Kisanga, na ninyi nyote mliokaa juani kwa sababu ya ndugu yetu, mimi ni Magreti Chilongola, dada mkubwa wa marehemu, ukoo umeniomba nisome maisha yake kwa kuwa nilikuwepo siku anazaliwa na nilikuwepo siku anakata roho. Kusoma nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari na wajukuu saba, kwa hiyo nitasoma polepole, na mwenye haraka avumilie, shamba lake halitakimbia.

Marehemu Urbanus alizaliwa Kisanga, wilaya ya Kilosa, tarehe 25 Mei 1929, akiwa mtoto wa nne wa mzee Anselmi Chilongola na mama yetu Paulina, wawili wa kwanza walikufa wachanga, wa tatu ni mimi. Alizaliwa mdogo na mwenye kelele nyingi, kelele zilipungua alipokua, udogo ulibaki.

Alianza shule ya misheni mwezi wa kwanza mwaka 1938, akamaliza darasa la nne mwaka 1942, hakuendelea kwa sababu baba aliona mtu anayeweza kusoma barua na kuandika jina lake amekwisha kuelimika. Mimi sikupelekwa kabisa, na anayetaka kujua kwa nini akamuulize baba, kaburi lake liko kule Kisanga.

Tarehe 3 Februari 1950 aliajiriwa kiwanda cha kuchambua pamba, Kilosa, kazi ya kulisha mashine, na baada ya Uhuru, mwaka 1963, akapandishwa kuwa fundi msaidizi na kupewa nyumba namba 31 katika kota za wafanyakazi. Alifunga ndoa na Selestina, huyu mnayemwona amekaa hapa, Jumamosi tarehe 21 Agosti 1954, wakajaliwa watoto watano, walio hai ni Costancia, Onesphory na Cleopa. Selestina alimvumilia, naye alimvumilia Selestina, ndoa nyingi hazifiki hata hapo.

Sasa nasoma habari ya kota, na hii ndiyo ndefu, kwa sababu ndiyo iliyommaliza.

Kota zilikuwa nyumba arobaini na mbili, zimepangwa safu tatu kwenye mteremko wa kwenda mto Mkondoa, na katikati ulipita mtaro mmoja mkubwa wa kushusha maji ya mvua kutoka kiwandani mpaka kwenye kalavati chini. Kiwanda kilipokuwa mali ya umma mwaka 1967, nyasi, uzio na mtaro huo viliwekwa mikononi mwa shirika lililokiendesha, shirika likaweka nyapara, nyapara akaweka vibarua, na vibarua wakalala kivulini chini ya miti ya mikrismasi. Wakazi walilalamika mpaka wakachoka, ndipo Jumapili tarehe 9 Mei 1971, baada ya misa, ukaitishwa mkutano, ikaamuliwa kwamba wananchi wenyewe wakague kazi ya uwanjani kwa kujitolea, na kwamba karatasi ya nyapara haitapokelewa ofisini mpaka mkaguzi wa wananchi ameisaini. Walioulizwa nani atajitolea waliangalia miguu yao, mikono ikanyooshwa miwili tu, wa ndugu yangu na wa Teresia, mama wa nyumba namba 38, safu ya chini kabisa.

Kwa miaka mitatu kila Jumamosi walipita kota nzima, bila posho, bila hata kofia ya kukinga jua. Nyasi zilizopita kifundo cha mguu waliziandika, uzio uliolegea waliuandika, na mtaro Urbanus aliupima kwa namna yake mwenyewe, alifungulia bomba la juu, akadondosha gunzi la mahindi kwenye maji, akashuka nalo pembeni taratibu, gunzi likikwama pale ndipo pana uchafu, likifika kwenye kalavati basi mtaro ni mzima. Wanawake wa safu ya kati walimwita Bwana Magunzi, wakamuuliza kama mahindi aliyala peke yake au na mkaguzi mwenzake, naye aliwaamkia na kupita. Nyapara alimchukia, jambo ambalo lilikuwa ushahidi wa kutosha kwamba kazi ilikuwa inafanyika, na safu ya chini miaka ile mitatu haikuingiliwa na maji hata mara moja.

Nilikuwepo kwake Jumamosi ile ya tarehe 23 Februari 1974, nimepeleka mchele, kwa hiyo hili sikuambiwa, nimeliona. Nyapara alileta karatasi kwamba mtaro umechimbwa wote, tayari kwa masika, Urbanus akafungulia bomba, akadondosha gunzi, likashuka moja kwa moja mpaka kwenye kalavati bila kugusa popote, naye akaomba kalamu. Teresia alikuwa amesimama na jembe begani, akamwambia, "Kaka Urbanus, gunzi linaelea, tuchome chini tuone." Ndugu yangu alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo, akamjibu, "Dada, huu ni mtaro wa maji, si tuta la viazi." Watu wakacheka pamoja naye, akasaini jina lake lote, Urbanus Anselmi Chilongola, kwa mwandiko wa misheni.

Vibarua walikuwa wamekwangua juu tu, matope yalikuwa yamejaa mpaka theluthi mbili ya kina, wakayalainisha kwa koleo yakawa kama sakafu. Maji ya bomba ni machache, gunzi ni jepesi, vikapita juu ya uchafu wote kwa salama, na mtu aliyekagua miaka mitatu akadanganywa na kipimo alichokitunga mwenyewe. Mimi nilisimama pale na mchele wangu, nami nilicheka.

Mvua ilikuja tarehe 11 Aprili 1974, Alhamisi Kuu, saa kumi alasiri, wengi tukiwa misani tunangoja kuoshwa miguu. Mtaro ulijaa mara moja, maji yakatoka nje, yakashuka safu ya chini, ukuta wa nyumba namba 38 ukalala ndani, na ndani alikuwemo Katarina, mtoto wa Teresia, mwenye miaka tisa, aliyeachwa kitandani kwa sababu ya homa. Tulimzika siku iliyofuata bila misa, kwa kuwa Ijumaa Kuu haina misa. Teresia hakulia mbele ya watu, alikuja mpaka mlango wa namba 31, akamwambia Urbanus neno moja, "Ulisaini," akarudi zake.

Tume ndogo ilikuja kutoka kwenye shirika tarehe 6 Mei 1974, ikasoma karatasi, ikakuta imeandikwa mtaro umechimbwa na wananchi wameridhika, ikaondoka siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Nyapara hakuulizwa kitu, na kwa kuwa mtaro ulikwisha kuchimbwa kwenye karatasi, haukuwa na sababu ya kuchimbwa ardhini, kwa hiyo ulibaki na matope yake, na watu wa safu ya chini wakabaki chini yake. Tangu hapo ndugu yangu alikuwa na haja moja duniani, afute saini yake, aandike mstari mmoja kwamba alipima juu hakupima chini, ili karatasi iseme mtaro haujachimbwa na shirika lilazimike kuuchimba.

Aliacha kazi tarehe 30 Juni 1975 kwa ajili ya kifua, akahamia hapa karibu na Mikumi wakati watu wanakusanywa vijijini, akapewa ekari moja, na kutoka hapa alisafiri kwenda ofisi ya shirika, Kilosa, mara kumi na moja, mara nyingine kwa basi, mara nyingine juu ya magunia ya vitunguu. Mara ya kwanza aliambiwa mwenye faili yuko semina, mara ya nne aliambiwa aandike barua, mara ya saba barua haikuonekana, na mara ya tisa, tarehe 17 Novemba 1976, nilimsindikiza mwenyewe, nikamsikia mkubwa wa ofisi akimwambia kwa upole kabisa, "Mzee Urbanus, ukifuta jina lako, nani atabaki kwenye karatasi?" Mimi nilimtajia nani abaki, nikaombwa nikasubiri nje.

Mtasema kwa nini hakuchukua jembe akauchimba mwenyewe. Alilichukua, Januari 1977, akachimba hatua ishirini, askari wa shirika akamtoa kwa kuwa si mkazi tena, na wenye nyumba zao waliketi barazani wakimtazama, wakasema hiyo ni kazi ya vibarua. Wakaguzi wa kujitolea walikwisha siku nyingi, nani anyooshe mkono wakati ameona mkono ulionyooshwa ulifanywa nini. Hapa kijijini mlimchagua kwenye kamati ya bomba, akakataa, mkamwona mzee wa kiburi, na Costancia alipoolewa, baba yake mwenye darasa la nne alibandika dole gumba kwenye cheti mbele ya wakwe, hakukubali kushika kalamu.

Kifua kilichoanza na vumbi la pamba kilizidi mwezi wa tano mwaka huu wa 1978, akapelekwa zahanati, akapewa dawa ya maji na ya vidonge, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 20 Agosti, akarudishwa nyumbani tarehe 4 Septemba kwa maneno ambayo wote tuliyaelewa, akafariki juzi Jumanne, tarehe 12 Septemba 1978, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na tisa. Hakuacha wosia wa mali kwa kuwa hakuwa na mali, aliagiza tu kwamba siku ya kumzika isomwe wazi kwamba saini ni yake, hakulazimishwa, hakupewa kitu, alikosea, na mtaro haujachimbwa. Nimesoma.

Jana Cleopa alikwenda Kilosa kuwapa taarifa watu wa kota, akapita na ofisini ili nao wajue, karani akampa pole, akatoa faili, akaandika kwamba mlalamikaji amefariki, akalifunga mbele yake. Kwa hiyo ndugu zangu wa safu ya chini mliokuja leo, masika ikifika hamna mtu kwenye karatasi zaidi ya huyu aliye ndani ya sanduku, naye anasema mko salama.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru mganga wa zahanati na wauguzi wa wilaya waliomtazama kwa dawa zilizokuwepo, majirani waliochota maji na kuchimba kaburi tangu alfajiri, mafundi wenzake wa kiwandani waliochanga sanda na sanduku, na Baba Padri aliyempaka mafuta kwa wakati. Namshukuru Teresia, ambaye amekuja kwa miguu kutoka njia panda, simshukuru kwa kusamehe kwa sababu hajasamehe na sijamwomba, namshukuru kwa kuja.

Urbanus mdogo wangu, kapumzike kwa amani, sisi huku hatunayo ya kukupa.