Godbless Urio, Mdakaji Aliyeacha Kuuona Mpira

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlioko jikoni punguzeni moto kidogo, na mlioko kwenye basi sogezeni simu karibu na sikio. Mimi ni Faridah, na alasiri hii tunamkumbuka mwenzetu wa hapahapa London. Jina lake Godbless Urio. Alikuwa mdakaji wa timu ya besiboli ya Kingfishers. Alifariki akiwa na miaka arobaini na saba, wiki tatu kabla ya msimu mpya. Msimu huo unaanza keshokutwa, Jumamosi.

Najua wengi wenu hamjawahi kuutazama mchezo huu. Ni hivi. Mtu mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Wa pili anasimama na gongo ili aupige. Wa tatu amechuchumaa nyuma ya huyo mwenye gongo, kavaa barakoa ya chuma na glavu nene, na kazi yake ni kuudaka mpira uliopita. Huyo wa tatu ndiye mdakaji. Godbless hakucheza mechi. Yeye alidaka mazoezini, kutwa nzima, warushaji wakijinoa. Mipira mia mbili kwa siku, na kila mmoja unakuja kwa kasi kuliko gari la barabara kuu.

Alizaliwa Machame, Kilimanjaro. Besiboli aliijulia sekondari, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyefundisha hesabu na kuja na glavu nne kwenye begi. Glavu nne, wanafunzi thelathini. Dada yake, Aneth, alituambia kwa simu kutoka Moshi: "Wenzake waligombea kurusha. Yeye alitaka kudaka. Nikamuuliza, huogopi? Akasema anaogopa, ila anaukodolea macho mpira mpaka uingie mkononi."

Godbless alikuja London kusoma, akabaki. Miaka mingi alihudumia wazee majumbani mwao, huko Croydon na Thornton Heath. Kanisani Thornton Heath ndiko alikokutana na Serah, nesi, Mkenya wa Nyahururu. Wakaoana. Wana binti mmoja, Daisy, ana miaka kumi na sita. Jumapili baada ya ibada Godbless alikuwa akienda bustanini kudaka mipira ya watu wasiomlipa hata nauli. Basi miaka mitatu iliyopita Kingfishers ikawa timu ya kulipwa, wakamwajiri. Serah anasema siku ile barua ilipofika mumewe aliisoma kwa sauti mara tatu, kisha akampa Daisy aisome tena.

Sasa tufike mwaka huu. Kingfishers walikuwa wamepanda daraja. Kwa mara ya kwanza wangecheza na timu za Ulaya bara. Mazoezi yalianza mwezi wa kwanza, ndani ya ukumbi uliokuwa ghala la magodoro kule Walthamstow. Na hapo ndipo hofu ilipoanza.

Ilikuwa Jumanne. Mrushaji alikuwa Tevin, kijana wa miaka ishirini na mitatu, wazazi wake ni Wakenya. Tevin alirusha, Godbless akaufuata mpira kwa macho kama siku zote, na katikati ya safari mpira ukatoweka. Haukufifia. Haukupinda. Ulikuwapo, kisha haukuwapo. Ukampiga kifuani, kwenye ngao. Wenzake wakamcheka, naye akacheka. Lakini jasho lililomtoka halikuwa la mazoezi.

Nyumbani alijifungia bafuni. Akatazama chupa zilizopangwa juu ya sinki. Akafumba jicho la kushoto. Chupa za upande wa kushoto hazikuonekana. Akafumba la kulia. Bado hazikuonekana. Wasikilizaji wapendwa, kama lingekuwa jicho moja angesema ni uzee, atanunua miwani. Lakini macho yote mawili yalikuwa yamepoteza upande uleule. Yote haya alikuja kumsimulia Serah baadaye. Alisema aliketi kwenye ukingo wa bafu, bomba likitiririka ili asisikike.

Hakumwambia mtu.

Kuanzia siku hiyo dunia ya kushoto ikawa adui. Akitembea barabarani Thornton Heath, watu walimtokea ubavuni ghafla kama waliochomoza ukutani. Aliacha kuendesha gari, akasema betri imekufa. Akapanda treni mpaka Victoria, halafu reli ya chini mpaka Walthamstow, mwisho wa njia, bega la kushoto kaliegemeza kwenye kioo ili asikae mtu upande huo. Na kila asubuhi alivaa barakoa, akachuchumaa, akangoja kitu kigumu kije kwa kasi kutoka mahali asipopaona.

Alikuwa na hofu mbili. Aliuogopa mpira. Na aliogopa kuambiwa aende nyumbani, asiudake tena.

Serah aliona kitu. Jumapili moja Godbless alimaliza wali wote wa upande wa kulia wa sahani na kuacha nyama yote ya kushoto. Akamuuliza. Akajibiwa ameshiba. Serah ni nesi. Ametuambia hivi, na alituomba tusikate neno hata moja: "Mimi huwauliza wagonjwa swali moja mara tatu. Mume wangu nilimuuliza mara moja, nikatoa sahani."

Mwisho wa mwezi wa pili likatokea jambo. Katika timu yupo dada mmoja, Bhavini, kazi yake ni kupiga picha mirusho na kupima kasi. Siku hiyo kamera yake ilizimika. Akainua pembe ya wavu wa kinga, akainama nyuma ya Godbless kuirekebisha. Tevin alikwisha kuinua mkono. Mpira ukapita kushoto kwa glavu ya Godbless, na glavu haikusogea. Ukampiga Bhavini kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulivunjika. Kila aliyekuwa ukumbini aliusikia.

Kocha mkuu, Harjit, alikuwa upande wa pili. Hakuuona mrusho, aliona matokeo. Wala kamera haikuwa na picha. Akadhani Tevin amerusha ovyo. Akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba atafikiria upya kama anafaa kuanza msimu. Tevin alimtazama Godbless. Alingoja mdakaji wake aseme kitu.

Godbless akainamisha kichwa, akaanza kufungua kamba za ngao.

Siku tisa alinyamaza. Siku tisa, wasikilizaji. Hatumsemi vibaya marehemu. Ni yeye mwenyewe aliyezihesabu, na alitaka zijulikane. Kila siku Tevin alizidi kuharibika. Kijana aliyekuwa akipiga kopo kwa mpira kutoka mbali, sasa mpira unaanguka miguuni pake. Wengine waliacha kukaa karibu na wavu. Harjit aliandika majina ya warushaji wa mechi ya kwanza ubaoni, na jina la Tevin halikuwamo.

Siku ya tisa, kabla ya chakula cha mchana, Tevin alimfuata Godbless kwenye benchi. Mjue kwamba Tevin anakielewa Kiswahili vizuri, lakini kama vijana wetu wengi hapa, ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Anko, mimi naacha. Nitaua mtu."

 Godbless alisimama, akaenda katikati ya ukumbi, akamwomba Harjit awaite wote. Walipokusanyika aliibana mikono yake kwapani. Akasema mpira wa Tevin ulikuwa mzuri. Akasema ulikuja pale pale alipouomba. "Mimi sikuuona," akasema. "Upande wa kushoto sioni kitu, tangu mwezi wa kwanza. Niliogopa kusema."

 Harjit alimwendea, akasimama mbele yake, akainua mkono wake upande wa kushoto, akauliza ni vidole vingapi. Godbless akauliza, vidole gani? Harjit alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akashika kichwa.

Bhavini alikuwapo, mkono kwenye plasta. Huyu hakumkumbatia. Alimwambia kwamba kwa siku tisa amekuwa akijilaumu kwa kuinua ule wavu, na kwamba leo hawezi kumsamehe. Godbless akasema ana haki. Kisha akamgeukia Tevin kumwomba radhi, lakini Tevin alikuwa amejiinamia, analia.

Walimrudisha nyumbani kwa gari. Serah alikuwa zamu ya asubuhi, alifika alasiri akamkuta mezani, hajavua jaketi. Alipomaliza kusikiliza hakumgombeza. Aliketi mbele yake, akapitisha kidole mbele ya uso wake kama afanyavyo wodini, kulia, katikati, kushoto. Kidole kilipofika kushoto macho ya mumewe yalikipoteza. Serah anasema wakati huohuo alijua. Aliita teksi, wakaenda hospitali.

Kipimo kilionyesha uvimbe nyuma ya kichwa, uliokuwa ukibana sehemu ya ubongo inayopokea kile macho yanachokiona. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Daktari alisema lazima apasuliwe, na hakuficha kwamba ni hatari.

Walingoja siku sita, usiku na mchana. Tevin alikwenda kumwona. Alipovuta kiti, Godbless alimwomba akae kulia, ili amwone. Wakazungumza habari za msimu. Godbless alikuwa na orodha ya wapigaji wa timu ya kwanza watakayokutana nayo, akampitisha jina kwa jina, huyu hapendi mpira wa chini, huyu ana pupa. Halafu akamshika mkono ule wa kurushia. Maneno yake Tevin ameyahifadhi, ametusomea kwenye simu yake: "Mimi niliogopa nikanyamaza, nikakuumiza wewe. Wewe ukiogopa usinyamaze kama nilivyokunyamazia. Mwambie anayekudakia."

Bhavini naye alikwenda, siku moja kabla ya upasuaji. Alikaa dakika kumi. Hatukumuuliza walisema nini.

Asubuhi ya upasuaji, wauguzi walipokuja kumchukua, Godbless alimwambia mkewe jambo ambalo katika ndoa ya miaka kumi na minane hakuwahi kulitamka.

"Mama Daisy, naogopa."

Serah amewasindikiza wagonjwa wengi kwenye mlango ule, na kila mmoja humwambia atakuwa salama. Siku hiyo hakuweza kusema hivyo. Alimjibu, "Hata mimi naogopa, Baba Daisy." Wakaenda hivyo mpaka mlangoni, kila mtu na hofu yake, mkono kwa mkono. Daisy alikuwa nyuma yao amebeba viatu vya baba yake.

Upasuaji ulichukua saa saba. Siku mbili za kwanza alikuwa macho, akatambua watu, akaomba uji. Siku ya tatu, asubuhi, damu ilivuja kichwani. Godbless Urio akafariki. Amezikwa Machame, wiki mbili zilizopita.

Serah alimuuliza daktari kama zile wiki nane za kunyamaza ndizo zilizomuua. Daktari akasema uvimbe ule ulikuwapo muda mrefu, kwamba hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana. Serah anaamka na jibu hilo kila siku.

Na Tevin? Ubaoni Harjit alilirudisha jina lake. Mdakaji mpya wa mazoezi ni Magloire, Mkongomani wa Tottenham. Siku yao ya kwanza Tevin alisimama na mpira mkononi bila kurusha, dakika nzima. Kisha akatembea mpaka kwa Magloire akamwambia kwamba anaogopa. Magloire akavua barakoa, akamwambia waanze kwa kurushiana kwa mkono mtupu, hatua tano. Wakaanza hatua tano. Jana walikuwa wamefikia umbali kamili. Nilimuuliza Tevin kama hofu imekwisha. Akasema haijakwisha, na hajui Jumamosi itakuwaje.

Mechi ni saa nane mchana. Serah na Daisy watakwenda. Serah ameomba viti vya karibu na mlango, kwa sababu hajui kama ataweza kuusikia mlio wa mpira ukigonga glavu, au itambidi atoke. Daisy amemwambia, kwa Kiingereza chake, kwamba wakitoka watatoka wote wawili.

Kwako Serah, kwako Daisy, kwa dada Aneth na ukoo wote wa Urio kule Machame, kwa Harjit, Bhavini na wachezaji wa Kingfishers, tunawapa pole kwa mioyo yetu yote. Mungu awashike, na amlaze Godbless mahali pema.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa. Tuko wengi katika jiji hili tunaokwenda kazini na kitu tusichokisema. Tunaogopa meneja atasemaje, tunaogopa barua ya hospitali, tunaogopa kuwashtua watoto, na wa nyumbani wakipiga simu tunawaambia hatujambo. Sitawaambia msiogope. Serah hakuweza kumwambia mumewe hivyo, na mimi siwezi kuwaambia ninyi. Ninaomba jambo moja tu. Leo, kabla jua halijazama, mtafute mtu mmoja, mketishe, umwambie unaogopa nini.

Nanyamaza hapa dakika moja kwa ajili ya Godbless. Asiye na wa kumwambia, namba ya studio mnayo. Nitapokea mwenyewe.